Naomba ushauri: kanisa letu liwe na tovuti yake?

Wapendwa, Bwana asifiwe. Wazee wa kanisa wameniomba niandike pendekezo la tovuti. Baadhi yao wanaona ukurasa wa Facebook unatosha. Mimi naona hautoshi: tangazo la leo, kesho limeshafunikwa na mengine, na mgeni anayetafuta saa za ibada hazioni. Kwenye tovuti ratiba, ramani na mahubiri ya nyuma hukaa pamoja, na mgonjwa aliye nyumbani huyasikiliza atakapo.

Kinachoninyima usingizi ni umiliki. Jina la tovuti hulipiwa upya, mara nyingi kila mwaka. Likisajiliwa kwa barua pepe ya kijana mmoja, naye akahama, kanisa linaweza kulipoteza. Mliokwisha kufanya hili, mlisajili kwa jina la nani? Na picha za watoto wa Shule ya Jumapili, mnawaomba wazazi ruhusa kwanza?