Naomba ushauri: binti yangu anasoma udaktari China, moyo wangu hautulii

Wazazi wenzangu, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Binti yangu wa kwanza yuko mwaka wa pili wa udaktari Harbin, kaskazini mwa China. Najivunia mno. Ukoo wetu haujawahi kutoa daktari, na bibi yake hakosi kumtaja kila akitoka kanisani.

Ila baridi ya kule Januari hushuka hata chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri, naye amekulia Tanga. WhatsApp kule imefungwa, tunaongea kwa WeChat, na wametutangulia saa tano. Nikifunga duka saa tatu usiku, kwake ni saa nane, amelala. Siku hizi majibu yake ni "niko poa mama" basi. Tukipiga video anageuzia kamera ukutani. Juzi nilimwona kidogo tu, mashavu yameingia ndani.

Baba yake anasema nimwache, ni masomo. Mimi naona kuna kitu anakificha.

Wenye watoto kule, mnawaulizaje bila kuonekana mnawachunguza? Niwatafute Watanzania wenzake wa chuoni, au atajisikia vibaya? Au nikope nauli aje likizo?