Gumzo la Majirani wa Uyole: Kusoma na Watoto Nyumbani

Baba Tumaini: Habari za jioni, majirani. Tangu shule zifungwe, Tumaini anasoma hapa nyumbani kwa utulivu ambao hajawahi kuupata darasani, ambako wanafunzi wamebanana mno. Mimi na mama yake tunafikiria kutomrudisha kabisa, tumfundishe wenyewe. Naomba maoni yenu, hasa ya Mwalimu.

Mwalimu Mstaafu: Baba Tumaini, mtoto wa darasa la tano usimwondoe. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake ameandikishwa na anahudhuria shule ya msingi hadi amalize, na mtihani wa mwisho anaufanya akiwa mwanafunzi wa shule iliyosajiliwa. Mfundisheni jioni na wakati wa likizo, lakini jina lake libaki shuleni.

Baba Tumaini: Nimekuelewa, Mwalimu. Ila tumfundishe nini, ikiwa vitabu vya sasa sisi wenyewe hatukuvisoma?

Mama Neema: Shikamoo, Mwalimu. Baba Tumaini, kwetu kitabu kinafuata baadaye. Juzi mnunuzi alichukua viazi vyetu kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, kama kawaida yao, ingawa gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Neema aliomba tulipime gunia moja kabla halijapakiwa, tukakuta kilo 130, na bei tuliyolipwa ni shilingi 60,000, yaani bei ya kilo 100. Yeye akapiga hesabu kwamba tumetoa bure asilimia 30. Mimi nikagawa 30 kwa 130 nikapata kama asilimia 23, tukabishana mpaka ugali ukapoa.

Bibi Sara: Mfundisheni pia kunyamaza mbele ya mnunuzi, la sivyo viazi vitawaozea.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba, Mama Neema. Wote wawili mmepata. Kilo 30 ni asilimia 30 ya zile zilizolipiwa, na ni takribani asilimia 23 ya zote zilizomo guniani, swali la kumrudishia Neema ni "asilimia ya nini?", kwa maana wanafunzi wengi huanza kugawa kabla ya kujiuliza hilo. Sasa akokotoe hasara ya magunia 20, kisha afungue sura ya asilimia. Vitabu vya kiada vinasomwa bure katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Mama Neema: Kwa shilingi 600 kila kilo, gunia moja limetupotezea 18,000, kwa hiyo magunia 20 ni 360,000. Hiyo nimeikokotoa mwenyewe, Neema hajaiona. Mwalimu, mimi niliishia darasa la saba. Je, bado ninaweza kusoma?

Mwalimu Mstaafu: Unaweza kabisa. Upo Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani. Ukiufaulu unaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, bila kukaa darasani na watoto. Mlango huo ni wako wewe mtu mzima, Baba Tumaini asije akaudhania ni wa Tumaini.

Baba Tumaini: Nimelipokea, Mwalimu, atarudi shule zikifunguliwa. Mama Neema, tunaomba aje kwenu kesho jioni.

Mama Neema: Karibuni, lakini mzazi mmoja aje naye na daftari lake mwenyewe. Magunia mawili bado hayajapimwa.