Presi ya haidroliki: tabaka zinaachana pembeni, tatizo ni tani au mwendo?

FundiMakali: Wakuu, salaam. Nafua visu vya tabaka kwa vyuma vya aina mbili, 1084 na 15N20. Presi yangu ni ya jeki ya tani 20, napampu kwa mkono. Kila nikiunganisha furushi (vipande vya vyuma hivyo vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka), katikati panashika vizuri, pembeni tabaka zinaachana. Nimeshauriwa nitafute presi ya tani 50. Kweli nguvu ndiyo inayopungua?

MzeeFuawe: Fundi, kwa furushi la kisu tani 20 zinatosha. Kinachokukwamisha ni mwendo. Nyundo hugusa chuma na kuondoka papo hapo. Presi hukaa juu yake, na taya zake za baridi zinakunywa joto muda wote huo. Kabla hujamaliza kupampu, chuma kilichotoka tanuruni kikiwa cha manjano kimeshakuwa chekundu, na pembeni ndiko kunakopoa kwanza. Hapo hata tani 100 haziunganishi kitu.

Piga hesabu: silinda ya kipenyo cha milimita 125 kwa shinikizo la baa 200 inatoa kama tani 25. Ili ishuke milimita 25 kwa sekunde, inataka pampu ya lita 18 hivi kwa dakika. Mimi ningechukua pampu ya hatua mbili, inayoshuka upesi hadi iguse chuma, kisha inapunguza mwendo na kuongeza nguvu. Hela yako iende huko.

Na mkandamizo wa kwanza uwe mwepesi, kwa taya bapa. Hapo unatafuta tabaka zishikane tu, unene utaupunguza baadaye. Rudisha tanuruni, acha joto lifike moyoni, rudia. Taya za mviringo za kurefushia zisubiri hadi furushi liwe kipande kimoja.

Koleo_Refu: Naongezea la usalama. Ukihamia presi ya pampu, ivishe mipira ya kupitishia oili ala isiyoshika moto, na weka bati nene kati yake na tanuru. Mpira ukitoboka, oili hutoka kama ukungu na huweza kulipuka moto. Usipapase tundu kwa mkono hata siku moja! Oili ya shinikizo hupenya ngozi. Jeraha linaonekana dogo, lakini ni la kukimbizwa hospitali saa ileile.

FundiMakali: Nimeelewa, asanteni. Kwa sasa, nikiwa bado na jeki, nikizipasha taya moto kwanza itasaidia?

MzeeFuawe: Itasaidia. Bana kipande cha chuma chakavu chenye moto katikati ya taya mara kadhaa kabla ya kuanza. Na ziteremshe taya ziwe karibu na unene wa furushi kabla hujalitoa tanuruni, usije ukapampu hewa huku chuma kinapoa.