Mjadala: Kitulo msimu wa maua, mgeni aachwe atembee popote?

MLETA MADA
Wadau, najua wengi mtanipinga. Hifadhi ya Taifa Kitulo, kule Makete, imetangazwa mwaka 2005 na ina raha ambayo Serengeti hawana: hakuna tembo wala simba, kwa hiyo unashuka garini unatembea kwa miguu. Mimi nasema kuanzia Desemba hadi Aprili uhuru huo ubanwe. Mgeni apite kwenye kijia kilichowekwa, mwongozaji akiwa mbele yake, basi.

Maua ndiyo yanayowapandisha watu huko "Bustani ya Mungu", mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye okidi za aina zaidi ya 40. Ila msimu huohuo wa mvua ndio mbayuwayu wa buluu analea makinda. Huyu ni ndege aliye hatarini popote alipo duniani, na hajengi juu ya mti. Anabandika kiota cha tope na nyasi ndani ya shimo: ardhi iliyodidimia, kingo ya kijito, au shimo lililoachwa na muhanga. Wewe unasogea kuchungulia shimo kwa udadisi tu, mzazi anazunguka juu na wadudu mdomoni, hathubutu kuingia. Unaondoka hata hujajua kulikuwa na kiota.

Na hapo ndipo penye ugumu, maana mgeni huyu hana ubaya. Amekuja kupiga picha. Nimeona watu wamejilaza katikati ya maua ili wapate picha nzuri. Wakiinuka, pale chini utadhani ng'ombe wamelala.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, adui umemkosea. Kona 57 za barabara ya Chimala, ile ya kupandia Kitulo, zinatosha kuwachuja wageni. Anayemaliza okidi ni mchimbaji wa viazi vyake, vinavyovushwa Zambia kupikiwa chikanda, chakula cha huko cha viazi hivyo. Yeye akichimba, mmea umekufa. Mgeni wako analaza majani, kesho yameinuka. Tena mchimbaji anaogopa macho ya watu. Ukiwafungia wageni wote kwenye kijia kimoja, mabondeni atabaki nani?

MCHANGIAJI WA PILI
Mimi ni wa Matamba, jirani na hifadhi. Sisi tuliambiwa ng'ombe asikanyage humo, na tukatii, wengine kwa shingo upande. Sasa mtu akishalipa kiingilio mguu wake unakuwa mwepesi kuliko kwato? Vijia viwekwe, na waongozaji watoke vijiji vya hapahapa, siyo waletwe na kampuni kutoka mbali.

MLETA MADA
Wa kwanza, kwamba mchimbaji ni mbaya kuliko mgeni, hilo sibishi. Lakini habari ya macho haisimami. Mchimbaji anachagua saa ambayo mgeni wako yuko kitandani na blanketi tatu. Huyo ni kazi ya askari wa hifadhi, tusimtwike mtalii.

Na hayo majani "yatakayoinuka kesho", sawa, lakini ua lililovunjika haliinuki. Mbegu ya okidi ni vumbi tupu, haina akiba ya chakula, inaota pale tu inapokutana na kuvu anayeifaa udongoni. Zinamwagwa nyingi mno ili chache zipone. Ukivunja ua kabla halijatoa mbegu umepunguza hizo chache, tena kwenye mbuga ambayo mchimbaji ameshaipunguza.

Wala sifungi mwaka mzima: Juni hadi Agosti mbayuwayu wamehamia kaskazini, pande za Ziwa Victoria. Miezi hiyo mwenye kuiweza baridi ya Kitulo atembee atakako.

Wa Matamba, umenishinda kwa hoja ya kwato. Ila tuiseme na hii: hao waongozaji wa vijijini watakuwa na kazi miezi mitano ya maua. Hiyo saba iliyobaki walipwe na nani?