Msaada jiografia: skeli kubwa ni ipi, Greenland ni kubwa kweli, na utamaduni unaeneaje?

Kichwa_Ngumu:
Wakuu habarini. Nina mtihani wa jiografia ya binadamu wiki ijayo na kuna vitu vitatu vimegoma kabisa kuingia kichwani, nimesoma notsi mpaka macho yanawasha lakini wapi. La kwanza skeli: notsi zinasema ramani ya 1:50,000 ni ya skeli kubwa na ya 1:1,000,000 ni ya skeli ndogo, sasa mi najua milioni ni kubwa kuliko elfu hamsini, hapo nani kakosea? La pili, kwenye ramani ya ukutani Greenland inakaribia kulingana na Afrika nzima, halafu jedwali la nyuma ya kitabu linasema Afrika ni kilomita za mraba milioni 30 na Greenland milioni 2 na kidogo. La tatu ni aina za kuenea kwa utamaduni, kuna kuhama, kuambukiza, kushuka ngazi na kuchochea, nimezikariri kama shairi ila nikipewa mfano ambao haumo kwenye notsi nachanganya zote. Nielezeni kama mnamweleza mtoto, na msinirushie linki.

DiraKongwe:
Karibu mdogo wangu. Skeli ni sehemu, zile za hesabu za shule ya msingi. Moja chini ya elfu hamsini na moja chini ya milioni, ipi kubwa? Ukigawa kitu mara elfu hamsini kila kipande kinabaki kikubwa kuliko ukikigawa mara milioni, basi, hakuna siri nyingine. Na kama hutaki hesabu angalia vitu vyenyewe kwenye ramani. Kwenye 1:50,000 sentimita 2 ni kilomita 1, unaona barabara, mto, hadi vijumba vimechorwa kimojakimoja. Kwenye 1:1,000,000 sentimita 1 imemeza kilomita 10, mji mzima umekuwa kidoti. Vitu vikubwa, skeli kubwa. Kinachowachanganya watu ni kwamba ramani ya skeli ndogo ndo inaonyesha eneo kubwa, hapo wengi wanaanguka.

Sasa Greenland. Hiyo ramani ya ukutani ni mtindo wa mchora ramani Gerardus Mercator, mwaka 1569, na jamaa hakuwa anachora ramani ya kuning'iniza darasani, alikuwa anamchorea nahodha. Nahodha anataka aweke rula kutoka bandari moja hadi nyingine, apime pembe ya huo mstari, ashike dira kwa pembe hiyohiyo safari nzima na afike. Ili hilo liwezekane lazima pembe zote kwenye ramani ziwe sahihi, na gharama yake ndo hii: dunia ni duara kwa hiyo mistari ya longitudo inasogeleana kadiri unavyoenda kwenye ncha, digrii moja pale Ikweta ni kama kilomita 111 lakini ukifika latitudo 60 imebaki kama 56, nusu yake. Mercator akaichora yote kwa nafasi sawa kama nguzo za uzio. Maana yake kule latitudo 60 kila kitu kimevutwa upana mara mbili, sasa ili pembe zisiharibike ikabidi akivute na urefu mara mbili, mbili mara mbili, eneo limekua mara nne. Na Greenland sehemu kubwa iko juu zaidi ya hapo! Kwenye ncha yenyewe mvuto hauna mwisho ndo maana ramani yake haiwezi kuionyesha kabisa. Uhalisia ni kwamba ndani ya Afrika zinaingia Greenland kama 14.

Mbishi_Halali:
Acheni kumpamba huyo. Ile ramani ipo vile ili Ulaya ionekane kubwa, ndo maana Mjerumani Arno Peters akaja na ramani yake kurekebisha mwaka 1973 na ya kwake ndo ya kweli.

DiraKongwe:
Mbishi bana. Kwamba ilikaa kwenye kuta za madarasa miaka na miaka ikawapa watu picha mbaya ya dunia, hilo nakubali na halina utetezi, ramani ya nahodha haina kazi darasani. Ila kusudi lake halikuwa hilo, kwenye hesabu ileile bara linalovimba kuliko yote ni Antaktika, sasa pale alikuwa anampendelea nani? Na ya Peters maeneo yamekaa sawa, lakini maumbo yameteseka, Afrika imekuwa ndefu kama nguo iliyoanikwa ikiwa bado inachuruzika. Halafu wazo lenyewe la ramani hiyo Mskoti James Gall alishalitoa 1855. Huwezi kubandika duara kwenye karatasi bapa bila kuharibu kitu, unachagua tu uharibu nini. Ukitaka kulinganisha maeneo au kuonyesha watu wamesambaaje tumia inayotunza eneo, ukitaka kona ya mtaa ionekane kama kona ilivyo, kama kwenye ramani nyingi za simu, Mercator bado yupo kazini.

Bi_Kurunzi:
Nichukue la tatu maana naona mmelikimbia. Mwanangu usikariri majina, jiulize tu nini kimesafiri. Kama ni watu wenyewe wamehama na mambo yao, hiyo ni kuhama. Kiingereza kilifika Australia na meli za mwaka 1788, hakikurushwa na upepo. Kama watu wamebaki kwao ila kitu kimepita kwa jirani, jirani wa jirani, hiyo ni kuambukiza, ipo kama mafua. Kama kimeruka vijiji vyote vya katikati kikatua kwanza jiji kubwa ndo kikashuka taratibu, kushuka ngazi. Mitindo ya nguo ilitoka Paris ikafika New York ng'ambo ya bahari kabla ya kijiji kilichokuwa safari ya siku moja tu kutoka Paris.

Kuchochea ndo wanafunzi wengi wanakosa, na ndo tamu kuliko zote. Kitu chenyewe hakifiki, linafika wazo tu. Sequoyah, Mcherokee wa Marekani, alikuwa hajui kusoma Kiingereza, aliona tu kwamba wazungu wanaweka maneno kwenye karatasi na karatasi inaongea. Akakaa na hilo wazo miaka, ilipofika kama 1821 akawa na mfumo mzima wa kuandika Kicherokee, kila alama ni silabi. Sasa cheki hii, baadhi ya alama zinafanana kabisa na herufi za Kilatini lakini sauti ni nyingine, yenye umbo la D inasomwa "a", yenye umbo la W inasomwa "la". Umbo limefika, sauti haikufika.

Msomaji_Kimya:
Naongezea chai maana ni mfano mzuri sana. Neno lilitoka Uchina, sehemu nyingi wanasema "cha" ila pwani ya Fujian wanasema "te". Waholanzi walinunua kwa watu wa Fujian ndo Ulaya Magharibi ikapata thee, tea, thé, Tee. Lililopita nchi kavu kupitia Uajemi likawa chay, Warusi na Waturuki nao humohumo. Ukipaka rangi ramani ya dunia kwa neno la chai unaona njia za biashara zilipopita. Kwa kifupi baharini ni te, nchi kavu ni cha.

Bi_Kurunzi:
Kwa kifupi hivyo utakosa maksi. Wareno walienda kwa meli na wanasema "chá", kwa sababu wao bandari yao ilikuwa Macau ambako watu wanasema cha. Na sisi wenyewe tunasema chai, unadhani lilivuka Bahari ya Hindi kwa ngamia? Kinachoamua ni ulinunua kwa nani.

Kichwa_Ngumu:
Aisee. Nimerudi kuripoti, nimesimama kwenye kiti na rula mbele ya ile ramani ya ukutani. Ikweta mpaka latitudo 20 ni sentimita 7. Latitudo 60 mpaka 80, digrii zilezile ishirini, ni sentimita 22. Yaani miaka yote naipita hii ramani. La skeli limeingia, la Greenland limeingia, ila Bi Kurunzi nina swali: hapo kwenye chai, neno limeenda kwa kuambukiza au kwa kuhama?

Bi_Kurunzi:
Mfanyabiashara alienda akarudi kwake, hakuhamia. Neno ndo lilibaki. Haya jijibu mwenyewe, na ushuke kwenye hicho kiti.