Naomba ushauri: baraza la wazi la watafiti hapa Mtwara

Wakuu, shikamooni. Nafundisha chuo hapa Mtwara. Tuko watu saba, tunataka baraza la wazi kila mwezi, watafiti waeleze kazi inavyofanyika: sampuli ilipatikanaje, dodoso lilijaribiwa wapi, nini kiligoma. Matokeo hapana, hayo kila mtu anajua kuyapamba.

Mwaka jana nikihoji wakulima wa korosho, mzee mmoja aliniuliza, "Mjukuu wangu, wewe ni wa nne. Majibu ya wale watatu yako wapi?" Nilikosa la kusema. Mifupa ya dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale, wa Tendaguru kule Lindi ilichimbwa 1909 hadi 1913 ikaishia Berlin. Naona dodoso zetu nazo zina safari hiyohiyo.

Sasa nimekwama. Wakubwa hawapendi kutaja makosa yao mbele ya wanafunzi. TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, wako jirani, ila tukikaa kwao si litaonekana baraza lao? Na wakulima tuwaite lini, maana msimu wa korosho ukianza hakuna atakayekuja.

Mliowahi kuendesha kitu kama hiki, mlianzaje? Mlirekodi mazungumzo, au kinasa sauti kinawafunga watu midomo?