Vurugu za mlangoni: kabati la MDF, benchi la mbao au stendi ya chuma barazani?

Bi_Tabata

Wadau habari za jioni. Naombeni mawazo kabla sijatoa hela ya watu.

Nyumba yetu haina korido. Ukifungua mlango wa mbele umeshaingia sebuleni. Mlango unafungukia ndani, upande wa kulia, na kushoto kuna ukuta wa sentimita 110 mpaka dirisha linapoanzia. Kila kitu cha nyumba hii kinaishia hapo: viatu vya shule, ndala, raba za baba watoto, mabegi ya watoto, mwavuli, helmeti, rimoti ya LUKU (ile ya kuingizia tokeni za umeme) na vile vikaratasi vya tokeni ambavyo hakuna anayekubali kuvitupa. Tupo sita ndani. Mama mkwe anaishi nasi na magoti yanamsumbua. Halafu Alhamisi kina mama tunasomea kwangu, kwa hiyo wageni hawakosi.

Nimebakiza machaguo matatu:

1. Kabati jembamba la MDF, yale ambayo milango inalalia mbele na viatu vinasimama ndani. Kina chake sentimita 17 au 18. Linaficha kila kitu.
2. Benchi la mbao la kuchongesha, juu pa kukalia, chini rafu tatu za viatu.
3. Stendi ya chuma ya kuchomelea, ikae barazani ndani ya grili.

Baba watoto anataka la kwanza. Mama mkwe anasema viatu mahali pake ni nje, toka lini vikaingia sebuleni? Mimi roho yangu iko kwenye benchi ila sina hoja ya kumshinda mtu. Nisaidieni.

seremala_Keko

Dada, mimi nauza mbao kwa hiyo nitasemwa, lakini sikiliza hili la MDF. Ile ni unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi. Juu imepakwa ngozi ya plastiki, maji yakimwagika hapo unafuta yanaisha. Shida iko kwenye kingo za chini. Kila ukideki, maji yanagusa ule ukingo, na pasipozibwa vizuri unavimba. Ukishavimba haurudi. Ndiyo maana unaona kabati juu linang'aa, chini limefumuka.

Ukiamua kulinunua, lilaze chali dukani uangalie chini. Utepe uwe umebandikwa mpaka kwenye kona, na liwe na miguu ya plastiki ya kulinyanyua sakafuni. Halafu lifungwe ukutani kwa skrubu, hilo halina mjadala. Lile kabati ni jembamba: mtoto akivuta milango yote kwa pamoja, uzito wote unakuja mbele na linamwangukia.

Tena muulize baba watoto anavaa namba ngapi. Kiatu cha namba 42 kina urefu wa karibu sentimita 28 kwa nje. Kwenye kabati la kina cha 17 kinasimama kwa kuinamishwa, sawa, lakini raba nene ya namba 44 inagoma na mlango haufungi. Mwisho wa siku viatu vya mwenye kulitaka kabati ndivyo vitakavyolala sakafuni.

Mpangaji_Mwenge

Sisi wa chumba na sebule hatuna hiyo anasa ya kuchagua. Mwenye nyumba wangu hataki kusikia neno drili. Nimeweka ile mifuko ya kitambaa ya kuning'inia nyuma ya mlango, inashikwa na kulabu za bati juu ya ubao wa mlango. Inafaa ndala, viatu vya wazi na vya watoto. Raba zikiwa nyingi kitambaa kinavutika na mlango unagonga ukuta. Bei ndogo, ukihama unakunja unaondoka.

Kibokoni_Mjini

Nachangia kutoka Mombasa. Fundi kaeleza maji ya chini, mimi nieleze hewa. Kabati la kufungika kwa mji wa pwani ni nyumba ya kuvu. Mwezi wa tano hapa mvua haikatiki, mtu anarudi na kiatu cha ngozi kimelowa, anakitia kabatini, anafunga. Akija kukitoa Ijumaa kina manyoya meupe. Mkanda wa ngozi pia, mkoba pia. Na harufu je? Sebule inapendeza machoni, lakini mgeni akikaa kochi la karibu na mlango anajua yaliyomo.

Kama ni lazima milango, iwe na uwazi: vipande vya mbao vilivyoachiana nafasi kama dirisha la lova, au wavu. Na kiatu kilicholowa kilale nje ya kabati usiku mzima kwanza.

mzee_wa_Moro

Mama mkwe wako ana hoja, lakini zamani anayoisema ilikuwa na uzio na babu aliyekaa barazani mchana kutwa. Siku hizi kibaka haingii hata ndani, anapitisha fimbo yenye ndoano kwenye grili, viatu vya shule vya juzi vinakwenda. Huku kwetu tuliopakana na mlima kuna jambo jingine: kiatu kilicholala nje ni maficho ya nge na tandu, maana wanapenda giza na unyevu. Ukiweka nje, watoto wazoee kukung'uta kabla ya kuvaa. Wangu wanafanya bila kuambiwa, hata viatu vya ndani wanavikung'uta.

Stendi ya chuma nje mimi ninayo, sina ugomvi nayo. Ni ya ndala, mabuti ya shamba na viatu vya matope. Kiatu cha maana hakilali pale.

Bi_Tabata

Asanteni. @seremala_Keko baba watoto anavaa 44, nimemsomea ujumbe wako kimya kimya kasogea kuangalia taarifa ya habari.

@mzee_wa_Moro hiyo ya fimbo na ndoano imetokea kwa jirani, kwa hiyo nakuelewa. Lakini bado sijaona jinsi benchi litakavyobeba viatu vya watu sita. Hesabu inanikataa.

mama_pacha

Shoga, hesabu inakukataa kwa sababu unataka viatu vyote vya nyumba vikae mlangoni. Vya harusi vinafanya nini hapo? Kwangu sheria ni jozi mbili kwa kila mtu: ya kutokea na ndala. Vingine vyote chumbani kwa mwenyewe, chini ya kitanda, kwenye boksi, atajua yeye. Mtu sita mara mbili ni jozi kumi na mbili, hizo rafu tatu zinameza na nafasi inabaki.

Na nikwambie ninachokijua kuhusu watoto. Mtoto anayetoka shule ana njaa. Kitu kinachotaka afungue mlango, avute, apange, afunge, hakifanyi. Kitu cha kutupia anafanya. Kwa hiyo rafu ya chini kabisa iache wazi, bila mlango wala droo, iwe yao. Mabegi yao wekea kulabu kwa urefu wao, mita moja hivi kutoka sakafuni. Kulabu za wakubwa juu kwenye mita moja na nusu. Watu wengi wanapigilia kulabu zote juu, halafu wanawagombeza watoto kwa kutupa mabegi chini. Afikeje?

Funguo na rimoti ya LUKU usiweke kwenye bakuli. Bakuli linazaa: kesho utakuta chenji, pini, betri mbovu na risiti. Weka kulabu ndogo tatu, basi. Vikaratasi vya tokeni piga picha uvitupe.

Kibokoni_Mjini

Hilo la bakuli nimelipenda. Langu lina hirizi ya mtu nisiyemjua.

wa_Amu

Mimi ni mtu wa Lamu, na mkisema mlangoni nawaona mnahangaika na jambo ambalo nyumba zetu za mawe zimekwisha kulipangia. Ukitoka mtaani unaingia kwanza kwenye daka: kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili, kabla hujaugusa mlango mkubwa. Mgeni wa maneno mawili anamaliza haja yake pale. Ukipita mlango unakuta tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, halafu ndiyo kiwanda, yaani ua wa ndani, na njia inapinda ili anayepita mtaani asione ndani. Maana yake viatu, fimbo na mzigo wa sokoni vina pahala pa kutua kabla ya kufika walipo watu.

Najua Tabata huwezi kujenga daka. Lakini unaweza kufanya sentimita zako 110 ziwe kitu chake, zisiwe kona ya sebule. Tia marumaru ya rangi nyingine hapo chini, au tandika mkeka wa ukindu unaokomea pale benchi linapokomea. Mtu akiona sakafu imebadilika, mguu wenyewe unasita. Kwetu tulipohamia nyumba ya tofali tulifanya hivyo, na wageni hawahitaji kuambiwa wavulie wapi.

Na benchi ni lazima, kwa ajili ya bibi. Mtu wa magoti huwezi kumwambia avue viatu akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

Baridi_Minnesota

Niko Minnesota, huku theluji na chumvi ya barabarani vinaingia na kiatu miezi na miezi. Kila nyumba ina sinia pana la plastiki lenye kingo, limewekwa pembeni mwa mlango, viatu vilivyolowa vinachuruzikia humo. Kwa masika ya Dar lingefaa sana. Hata sinia la kuoteshea miche linatosha, au lile la aluminiamu la pilau likishachakaa. Tia kokoto ndogo chini, kiatu kinakaa juu ya maji badala ya kukaa ndani yake.

mzee_wa_Moro

Sinia la pilau liache, mama mkwe yupo anasoma.

seremala_Keko

Sasa nimeelewa kazi. Dada, kwa watu sita wa jozi mbili mbili ningefanya hivi.

Urefu 105, usijaze ukuta wote, acha nafasi ya fagio kupita. Kina 33. Jozi ya mtu mzima inakula sentimita 20 mpaka 22 kwa upana, kwa hiyo kila rafu inabeba jozi tano hivi. Rafu ya chini iwe juu ya sakafu sentimita 12 au 15, uweze kudeki chini yake bila kuinua kitu. Hapo sakafuni ndipo sinia la huyo ndugu wa theluji linaingia. Rafu ni mbao nyembamba zilizoachiana nafasi ya kidole, mchanga unadondoka na hewa inapita.

Tatizo ni urefu wa kwenda juu. Benchi la kawaida ni sentimita 45. Ukishatoa miguu na unene wa mbao, unapata rafu mbili, hupati tatu. Kwa mtu wa magoti, 45 ni fupi pia, anashindwa kunyanyuka. Fanya 50, na upande mmoja niweke mkono wa kushikia, kama wa kiti. Huo mkono ndio utakaomfaa bibi kuliko mbao ya bei yoyote. Rafu mbili ni jozi kumi, ndala za watoto zitalala chini kwenye sinia.

Mbao: mninga ni mzuri ila bei yake unaijua. Mtiki wa Tanga hausumbuliwi na maji wala mchwa. Ukitaka nafuu chukua paini ya dawa, ila mwambie fundi aikaushe vizuri, maana paini mbichi ikikauka imeshafungwa inapinda na misumari inalegea. Sehemu ya kukalia na mkono viwe vya mtiki, rafu ziwe paini. Hakuna atakayeona.

Kulabu zipigwe kwenye ubao mmoja, ubao ndio ufungwe ukutani kwa skrubu na plagi. Ukipigilia kulabu moja moja kwenye plasta, begi lenye madaftari litang'oa kulabu na plasta yake.

Bi_Tabata

Benchi basi. Mkono wa kushikia ndio uliomaliza kesi, mama mkwe mwenyewe kauliza litakuja lini. Stendi ndogo ya chuma itakaa barazani kwa ndala na viatu vya matope tu. Kabati la MDF baba watoto kaambiwa anunue la chumbani kwake.

Swali la mwisho: wale wageni wa Alhamisi? Hata benchi liwe la mita mbili haliwatoshi.

mama_pacha

Hao hawana dawa. Tandika mkeka barazani, wavulie pale, na mwanao mmoja akae karibu na grili. Wakitoka kila mtu atatafuta makubadhi yake mwenyewe, na mmoja lazima aondoke na ya mwenzake.

Mpangaji_Mwenge

Na malipo, dada: toa nusu, nusu nyingine baki nayo mpaka benchi lifike mlangoni na bibi alikalie. Samahani fundi.

seremala_Keko

Hujakosea. Ila hiyo nusu ya kwanza itoke leo, mbao zinapanda.